Namba za Chaki

Paa la karakana lilivuja Machi nzima,
na Orval, aliyeandika kila kitu kwa chaki,
hakuwepo tena kupanda ngazi.
Nikakuta vipande ishirini na kimoja vya chuma cha pua
vimeegemea ukuta kama watu wa foleni,
namba zao zimetiririka sakafuni,
utando mweupe, basi.

Namba zilikuwa lugha ya nyumba yetu.
Kumi, kisha tisini na tano:
kumi ni ukoo, alikuwa akisema,
chuma na kaboni, wageni hawahesabiwi;
tisini na tano ni hiyo kaboni yenyewe,
pungufu kidogo ya sehemu moja katika mia.
"Ni chumvi kwenye maharagwe, Leota.
Huijui ipo mpaka ikosekane."

Themanini na nne humvumilia mwanafunzi.
Tisini na tano haina subira, yataka mafuta mepesi,
ukichelewa kuichovya, imekwisha kukununia.
Na ile ya kromu, yenye sitini, springi za malori ya magogo,
hupinda, hurudi, haiweki kinyongo.
Nikamwambia hiyo ndiyo ningeolewa nayo.
Alicheka hadi akakaa juu ya fuawe.

Delphia wetu anakwenda kusomea upishi, Little Rock, Agosti.
Babu yake alimwahidi kisu.
Ahadi ni deni,
na deni la marehemu hurithiwa pamoja na nyumba.

Nikazima taa. Nikawasha jiwe la umeme.
Nikavigusisha kimoja kimoja, nikisoma cheche
jinsi nilivyomwona akizisoma, shingo kaipinda.
Chuma laini hutoa nyuzi ndefu, zimenyooka, hazina habari.
Ya sitini hupasuka hapa na pale.
Ile yenye kaboni nyingi haifiki mbali:
inachanua palepale karibu na jiwe,
ua la kitunguu kilichosahauliwa shambani,
juu yake ua jingine, na jingine.

Kumi na tano nilivitambua.
Vinne nilibahatisha.
Viwili nikavitupa nje, vitafaa bawaba za lango.

Kisu cha kwanza nilikipasha hadi sumaku ikakikataa,
nikaongeza moto, kwa woga, nikaongeza tena.
Kwenye mafuta kikasema *ti*,
kidogo tu, kama jino la kitana.
Ufa kutoka kisigino hadi mgongoni.
Nikakivunja kwenye jiriwa nione ndani:
chembe kubwakubwa, kama sukari.
Chuma hakikuwa na hatia. Mkono wangu ndio uliozidisha.

Wiki nzima sikuingia mle.

Cha pili nilikitoa sumaku ilipoachia na kivuli kilipopita,
nikahesabu moja, mbili, nikachovya.
Kimya.
Tupa ikateleza juu yake kama juu ya kioo.
Nikakiweka kwenye oveni ya jikoni, nyuzi mia mbili,
saa mbili, kikapoa, saa mbili tena,
kikatoka na rangi ya mabua ya ngano
na harufu ya pai ya juzi.
Mpini nikauchonga kwa mti wa jozi alioukata mwenyewe.

Delphia akakijaribu kwa kitunguu.
Kufikia cha tatu, ubapa ulikuwa na mawingu ya buluu.
"Bibi, kinaharibika!"
"Kinakuzoea."
Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Ni namba gani?"

Themanini na nne, labda. Labda tisini na tano.
Kilikuwa kimoja kati ya vile vinne.

"Sijui," nikasema. "Kikaushe kila ukitumiapo.
Ukikiacha kwenye sinki, mimi nitajua."

Paa nimeliziba.
Vitatu vya kubahatisha viko palepale ukutani.
Chaki bado sijanunua.